Kamba ya Makaa Mlangoni kwa Goreti

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata sijafunga begi: sikumuuliza dada yangu nifike lini. Nilimwambia tu "nakuja," naye akasema "karibu," tukaishia hapo. Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuacha mambo yaende yenyewe. Napiga pasi hata soksi. Kikorea nilijifundisha mwenyewe kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi ghalani, na salamu ya kumpa mama mkwe wa dada yangu niliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni mpaka mama akagonga mlango akiuliza ninaongea na nani. Lakini siku ya kufika sikuuliza. Kwetu Warundi, anayekwenda kumhemba mzazi, yaani kumpelekea mama aliyejifungua chakula na zawadi, haulizi. Kuuliza ni kama kuomba uambiwe usije. Unafunga vitu vyako, unatokea mlangoni, unapokelewa.

Tangu nirudi kila mtu ananiuliza yaliyonipata, na kila mmoja nimempa kipande. Hapa naandika yote kwa pamoja, kwa sababu kila nikisimulia nakasirika upya, na nimechoka kukasirika kwa vipande.

Kwa wasiomjua, Goreti ni kifungua mimba wa mama. Ndiye aliyetulea kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma mama alipokuwa akilima mashamba ya watu. Tulipoletwa Louisville alipata kazi kiwandani, na huko akakutana na Jun-ho, fundi Mkorea aliyekuja kufunga mitambo. Baba yake Jun-ho alipofariki, Jun-ho akarudi kwao Damyang, mji mdogo wa mashambani ambao Korea nzima inaujua kwa misitu yake ya mianzi, ili akae na mama yake. Goreti akamfuata, wakafunga ndoa hukohuko. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuja kwetu Newburg, mtaa wetu wa Louisville, kukaa kwenye kochi letu na kueleza amekuja kutafuta nini. Mama akasema, "Simjui aliyemchukua binti yangu," na tangu siku hiyo hakupokea simu ya Goreti.

Kisha mtoto akazaliwa, wa kike. Goreti alinipigia mimi.

"Fidele," akasema, "mtoto huyu asipoonwa na mtu wa kwetu, sitasema tena kwamba nina kwetu."

Nilimpelekea mama maneno hayo jikoni. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha, akaingia chumbani, akatoka na kitenge kipya cha kijani na njano.

"Mpelekee. Nikimwona mtoto ndani ya kitenge hiki, nitaongea na mama yake."

Mama mwenyewe hawezi safari ya namna ile. Magoti yake yanalalamika hata njia ya kanisani. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Ghalani nilikuwa sina alama hata moja ya utoro, tangu nianze kazi. Nikaomba likizo, nikapewa fupi, nikaondoka haraka ili nifike mtoto akiwa bado mchanga kabisa. Nilidhani haraka hiyo ni adabu.

Newburg hadi Gahanna

Safari ilipitia Columbus na Buffalo kwa sababu mama alikataa nibebe zawadi ya nyumba moja. "Watasema Goreti ana mama tu," alisema. Shangazi Venansia anakaa Gahanna, nje kidogo ya Columbus, na yeye ndiye fundi wa unga wa ulezi katika ukoo wetu. Mjomba Onesmo yuko Buffalo. Lazima wote wawili waweke mkono.

Basi la kutoka Louisville lilichelewa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulisimama nje kwenye upepo huku dereva akiwa ndani, mlango umefungwa, anakula chipsi na kutuangalia kama samaki wa kwenye tangi. Mzee mmoja mwenye mkongojo aligonga kioo. Dereva akanyoosha kidole kuelekea saa yake. Nilitaka kusema kitu. Niliandaa sentensi nzuri kabisa, nikaipanga, nikaipima, na nilipokuwa tayari mlango ukafunguliwa. Hilo ni jambo ambalo sipendi kulikiri lakini ndivyo nilivyo: hasira yangu hufika baada ya mtu kuondoka.

Shangazi alinipokea kwa ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki, na unga wa ulezi aliokwisha kuukaanga, kuusaga na kuufunga kwenye mfuko ndani ya mfuko. Hapo ningeshukuru na kulala. Lakini pembeni ya mfuko wa unga palikuwa na kifurushi kingine, kizito, kimezungushiwa utepe wa gundi kama maiti ndani ya sanda.

"Hicho ni cha mtoto wa Mama Kezia," akasema shangazi. "Anasoma Korea."

"Korea wapi?"

"Korea."

"Shangazi, Korea ni kubwa."

"Ni kubwa kuliko Amerika?"

"Hapana."

"Haya basi."

"Ndani mna nini?"

"Fidele, mtu akikupa mzigo wa mwenzake unamfungulia? Ndivyo mlivyolelewa?"

Nikakipakia. Begi langu nililokuwa nimelipima nyumbani mara nyingi, likiwa na uzito unaotakiwa sawasawa, sasa halikufunga. Nilitoa viatu vyangu vizuri nikaviacha Gahanna. Mpaka leo binamu yangu anavivaa.

Gahanna hadi Buffalo

Kutoka Gahanna nilichukuliwa na Papa Bahati, Mkongo wa Bukavu anayesafirisha watu na mizigo kwa gari lake kati ya miji ya watu wetu. Alifika akiwa na magunia ya unga wa muhogo mpaka kwenye kiti cha mbele, nami nikakaa na gunia moja mapajani.

"Bon, mudogo wangu," akasema tulipoingia barabara kubwa. "Banasema uko naenda mbali."

"Korea. Nakwenda kumhemba dada yangu, amejifungua."

Akapunguza mwendo ili anitazame vizuri. "Wewe? Mwanaume?"

"Mama hawezi kusafiri."

"Donc bamama yote ya Burundi banakwisha?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mudogo, kwetu mwanaume akienda kuangalia mwenye kuzaa, banamupatia kiti inje. Anakunywa soda, anasema hongera kwa dirisha, anarudia kwake."

"Huko ni kwenu, Papa Bahati."

"Ah bon. Na kwenu munafanyaka je?"

Sikujua. Nilikasirika badala ya kufikiri, na hilo ndilo ninalojilaumu kuliko yote ya safari ile. Nilikuwa na muda wote wa njia ya Ohio kujiuliza kwetu wanafanyaje, nikautumia kutunga jibu la kumkomoa.

Tulisimama Cleveland kuteremsha magunia. Tukasimama tena Erie kwa mwanamke aliyekataa kuchukua wigi zake kwa sababu si rangi aliyoagiza, wakabishana mpaka theluji ikaanza kuanguka. Mwezi wa nne, theluji. Papa Bahati aliwasha hita, ikatoa hewa baridi. "Inaanzaka pole pole," akasema, na ilianza tulipoona taa za Buffalo.

Mjomba Onesmo ni shemasi, anakaa East Side katika nyumba ya mbao yenye ghorofa, na chini wanasalia. Nilimkuta ameshakusanya kikundi cha maombi. Waliomba kwa zamu. Waliombea ndege, rubani, mabawa, na hali ya hewa ya nchi ambazo ndege ingepita juu yake. Mwishowe mjomba akachukua chupa ya mafuta ya upako akayamimina juu ya begi langu. Hakudondoshea tone. Alimimina. Yakapita kwenye zipu.

Nilifungua begi bafuni nikakuta doa kubwa kwenye kitenge cha mama. Nilikifua kwa sabuni ya vyombo, nikakikausha kwa mashine ya nywele ya mke wa mjomba, nikilia kidogo. Ndiyo, nililia. Mke wa mjomba aliniona mlangoni akasema, "Acha kulia, baba, mafuta ya Mungu hayaharibu kitu." Lakini yalikuwa mafuta ya mzeituni ya dukani, nililiona jina.

Buffalo hadi Incheon

Binamu yangu alinivusha daraja la kuingia Kanada hadi uwanja wa ndege wa Toronto. Mpakani afisa aliuliza unga ni wa nini. Nikasema ni wa uji. Akauliza kwa nini mtu apeleke uji Korea, kana kwamba Wakorea hawana chakula. Nikamweleza habari ya dada, mama, na desturi. Akasema, "Nimeuliza swali dogo tu."

Ndani ya ndege nilikaa karibu na bibi mmoja Mkorea. Nilimsalimia kwa ile salamu yangu ya kioo cha bafuni. Aliweka miwani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwanawe aliyekaa kiti cha nyuma ili nirudie. Mwanawe akanieleza kwa upole kwamba ninaongea kama mawaziri wa kifalme kwenye tamthilia za zamani. Basi wale walimu wa kwenye simu, ambao niliwaamini kwa mwaka mzima, walikuwa wananifundisha kuongea na mfalme. Bibi yule hata hivyo alifurahi, akanipa machungwa madogo na nusu ya keki yake, na kila nilipojaribu kulala alinigusa ili niseme tena.

Incheon hadi Damyang

Kifurushi cha mtoto wa Mama Kezia kilikuwa na nyama kavu. Mbwa wa forodha alikaa chini mbele yangu akanitazama kwa huruma. Nikapelekwa pembeni. Kijana wa forodha alikata utepe, akatoa nyama, kipande kwa kipande, na kila kipande akaniuliza ni cha mnyama gani. Ningejuaje? Nilimwambia si mzigo wangu. Akaniambia, kwa heshima ambayo ilizidi kunikasirisha, kwamba kila msafiri husema hivyo. Nyama ikachukuliwa, nikaonywa, basi la kwenda Gwangju likaniacha. Mtoto wa Mama Kezia, kama unasoma haya, nyama yako haikuliwa na mimi. Na mama yako anipigie simu, nina neno naye.

Nililala kwenye kiti cha uwanja wa ndege, nikapanda basi la kwanza, na Gwangju nikapata jingine dogo la kwenda Damyang. Humo walikuwa wanawake wazee wenye kofia za jua na vitunguu, na wote waliteremka pamoja nami kana kwamba tumetoka sokoni pamoja. Mianzi nilianza kuiona kabla ya mji. Imesimama nyuma ya nyumba, mirefu, imebanana, na upepo ukipita inasikika kama watu wengi wanaonong'ona kanisani kabla ya ibada. Niseme ukweli, nilifurahi. Nilijiambia kwamba mabaya yote yameisha.

Nyumba ya kina Jun-ho iko mwisho wa kichochoro, ina ukuta mfupi wa mawe na lango la mbao. Nilibadilisha shati nyuma ya mti, nikajifuta uso, nikachukua unga mkono mmoja na kitenge mkono wa pili. Ndipo nikaiona.

Langoni palining'inizwa kamba ya majani makavu ya mpunga, imesokotwa vibaya, nyuzi zinatoka. Kwenye kamba palikuwa pamechomekwa vipande vya makaa na matawi mabichi ya msonobari.

Ninyi mnajua tulivyolelewa. Ukikuta kamba na makaa mlangoni kwa mtu, hufikirii mapambo. Unafikiria uchawi. Nikapiga picha nikamtumia mjomba Onesmo. Kwao ilikuwa jioni, walikuwa kwenye maombi. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia kikundi kizima: "Usiogope. Mwanetu yumo ndani. Iondoe kwa jina la Yesu, uingie."

Nikaiondoa.

Niliifungua upande mmoja, nikaikunja vizuri kwa sababu siwezi kuacha kitu ovyo hata kama ni cha shetani, nikaingia uani nayo. Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Alitoka mama mkwe wa dada yangu, mfupi, mwembamba, amevaa aproni. Alinitazama mimi, akatazama langoni, akatazama kamba mkononi mwangu. Uso wake ukabadilika rangi. Hakupiga kelele. Alinyoosha mikono yote miwili kifuani kwangu akanisukuma kurudi nyuma, polepole, hatua kwa hatua, mtu anayefika kifuani kwangu, na nilirudi. Salamu yote ya kioo cha bafuni ilinitoka kichwani. Nilichoweza kusema ni "asante."

Dirisha likafunguka kidogo. Nikamsikia dada yangu.

"Fidele? Ni wewe? Toka kwanza. Toka nje ya lango."

"Goreti, nimekuja. Ona hii kamba, wamekuwekea..."

"Ni ya mtoto. Mgeni haingii mpaka wiki tatu ziishe. Toka, nakuomba, anaogopa."

"Mimi ni mgeni?"

Dirisha likafungwa. Mama mkwe alikuwa ameshachukua kamba, anaifunga tena langoni. Mimi nilikuwa kichochoroni na unga wangu. Nilipiga hesabu hapohapo: likizo yangu ingeisha kabla ya kamba kutoka.

Nje ya lango

Jun-ho alirudi kutoka kazini jioni akanikuta nimekaa juu ya begi. Ni mtu mrefu, mpole, na Kiswahili chake chote amefundishwa na Goreti. "Pole sana, shemeji," akasema. "Pole sana, sana." Akanipeleka kwenye nyumba ya kulala wageni ya jirani yao, ambaye alinipa godoro la sakafuni na sahani nyingi ndogondogo ambazo sikujua ipi ni mboga na ipi ni kiungo. Nilikula zote kwa mfuatano. Ya mwisho ilikuwa pilipili tupu.

Nilikasirika usiku kucha. Niliandika ujumbe mrefu kwa Goreti, nikaufuta. Mtu ametoka Newburg, amepita kwa shangazi, ameombewa mpaka mabawa ya ndege, ameaibishwa na mbwa, na anaambiwa yeye ni mgeni kwa mtoto wa dada yake. Unga nao ulikataliwa. Jun-ho alisema mama yake anampikia Goreti supu ya mwani asubuhi, mchana na jioni, ndiyo chakula cha mzazi, na uji asioujua hawezi kumpa. Supu ya mwani! Majani ya baharini kwa mtu aliyetoka kujifungua.

Kesho yake Jun-ho alinitembeza kwenye msitu wa mianzi ili nitulie. Sikutulia. Mlangoni watu walikuwa kwenye foleni ya kulipa kiingilio. Mimi nimekulia mahali ambapo kwenda msituni kutafuta kuni kulikuwa kosa, mgambo walitukimbiza na kumwaga mizigo yetu. Hapa watu walilipa ili wapite katikati ya miti na kutoka upande wa pili mikono mitupu. Walipiga picha mianzi. Wakanipiga picha na mimi. Baba mmoja aliniomba nisimame karibu na wanawe, akauliza kwa ishara kama nacheza mpira wa kikapu. Urefu wangu mnaujua. Jun-ho aliona aibu kwa niaba ya wote.

Mchana tukala wali uliopikwa ndani ya kipande cha mwanzi, una karanga na maharage, umechukua harufu ya majani mabichi. Ulikuwa mtamu. Nilitaka usiwe.

"Shemeji," Jun-ho akasema, ameinamisha kichwa juu ya wali. "Mama yangu alizaa mtoto mmoja kabla yangu. Msichana. Wageni walikuja mapema, kumi, ishirini, wote wanakohoa. Mtoto hakufika wiki tatu." Akanisogezea maji. Kisha akasema, "Siku hizi watu hawaweki kamba. Mama anaweka."

Niliporudi chumbani nilimpigia mama nikamweleza yote, kamba, wiki tatu, supu. Nilitarajia akasirike pamoja nami.

"Na wewe uliingia?" akauliza.

"Niliingia, ndiyo. Mjomba alisema..."

"Onesmo amezaa lini? Fidele, mwanamke yuko kwenye kiriri, unaingiaje?"

"Kiriri ni nini?"

"Ni pale mzazi anapolala na mtoto wake mpaka siku ya kutolewa nje. Mtu haingii ovyo. Mwanaume ndiyo kabisa. Nilipokuzaa wewe kambini, baba yako mkubwa alikaa nje ya turubai akanywa uji wake huko, akaondoka bila kukuona."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nani anawaambia wanaume mambo ya kiriri? Nilijua utafika, utakaribishwa kukaa nje, utangoja. Nilidhani unajua kungoja."

Nilikaa na simu sikioni nikikumbuka jinsi Papa Bahati alivyocheka. Sijui nilimkasirikia nani zaidi. Mama, kwa kunituma kazi ya wanawake bila kunipa maarifa yao. Mjomba, kwa ujasiri wake wa mbali. Mimi, ambaye nilijifundisha kuongea na wafalme wa Korea na sikuwahi kuuliza nilivyozaliwa.

"Huyo mama mkwe," mama akasema, "kamba amesokota mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na anampikia Goreti mara tatu kwa siku?"

"Majani ya baharini, mama."

"Nimekuuliza kama anapika."

"Anapika."

"Usirudi kabla hajakuingiza," akasema, akakata simu.

Kila asubuhi nilikwenda langoni. Sikugusa kamba. Nilisimama upande wa kichochoro, nikasalimu kwa kuinama, na Goreti alitokea dirishani tukaongea kwa sauti ya kusikika uani kote, kama watu wa kambini wanavyoongea kutoka hema hadi hema. Alinieleza anavyolia bila sababu. Alinieleza kwamba mama mkwe wake hulala sakafuni karibu na mlango wake. Siku za mwanzo mama mkwe alipita nyuma yake bila kuniangalia. Kisha asubuhi moja yenye mvua alitoka na kiti kidogo cha plastiki, akakipitisha chini ya kamba, akaniwekea na mwavuli juu. Nilikalia kiti hicho. Siku iliyofuata akanyoosha mkono kuonyesha mfuko wa unga. Nilimpikia Goreti uji kwenye jiko la jirani, nikaupeleka kwenye termosi, nikaonja kwanza mbele yake. Naye akaonja. Akafikiri. Akaondoka nao, na Goreti akanipigia simu akiwa chumbani, anakunywa uji wa shangazi huku akilia, safari hii kwa sababu.

Likizo ikaisha. Niliandika kazini kuomba siku za ziada, nikaeleza kwa adabu. Jibu lilitoka kwenye programu ya simu, si kwa mtu: ombi halikubaliki, alama zitahesabiwa. Nilipiga simu kwa msimamizi wangu, ambaye amekula sambusa za mama. Akasema anasikitika, mfumo ndio unaoamua. Nilikaa na hofu yangu yote, mimi nisiye na alama hata moja. Nilibaki. Siku chache baadaye wakaniandikia kwamba sina kazi. Naona ni dhuluma mpaka leo, na nitaendelea kuona hivyo.

Uani hadi chumbani

Siku ya wiki ya tatu kutimia mama mkwe alifungua kamba mwenyewe, mapema. Alinawisha mikono yangu kwa maji ya moto mpaka viwiko, akaninusa shati, akaridhika. Chumbani sakafu ilikuwa ya moto, ndivyo wanavyopasha nyumba huko. Goreti alisimama, akanishika shingoni. Mtoto alikuwa mdogo kuliko mfuko wa unga niliobeba, ana nywele nyingi, na paji la uso ni la mama yangu kabisa, halina mjadala.

Nikapiga simu ya video Newburg. Nikaiweka mbele ya mtoto tu, kama mama alivyotaka. Goreti alitandaza kitenge akaanza kumweka mtoto mgongoni, naye mama mkwe akaruka, akashika shingo ya mtoto, akatikisa kichwa, akaonyesha kifuani.

"Anasema shingo haijakaza," Goreti akanong'ona.

Kwenye simu mama akasema, "Kweli anasema. Mgongoni bado. Nani aliyemfundisha huyo msichana? Mwambie amsikilize mama yake huyo wa huko."

Goreti akatafsiri. Mama mkwe akainama mbele ya simu, chini sana. Mama akainamisha kichwa naye, kwenye kochi letu. Wakaanza kuongea wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake, wakionyesha kwa mikono namna ya kufunga, na wakakubaliana. Mama mkwe akamfunga mtoto kifuani kwa dada yangu kwa kile kitenge. Nikasogeza simu ili kitenge kionekane chote, na uso wa Goreti ukaingia kwenye picha.

Mama alimtazama.

"Goreti," akasema. "Umekonda. Hiyo supu wanakupa ya kutosha?"

"Wananipa, mama."

"Kunywa yote."

Nimerudi. Sasa nakaa kwa shangazi Gahanna, nafanya kazi kwenye ghala jingine, zamu ya usiku, mshahara ni mdogo kuliko wa kwanza. Mama na Goreti wanaongea kila Jumapili baada ya ibada.